Meli Niliyomchagulia Fundi Wangu

Mimi hakuna kitu kinachonishangaza. Nilitoka Pemba na darasa la tano, umri wangu miaka ishirini, mashati mawili ndani ya mfuko wa plastiki, na leo nina maduka matatu ya pampu za maji huku Oman: Ibra, Sur na Nizwa. Waliosoma mpaka wakachoka wananiamkia na kuniomba niwape watoto wao kazi. Nimeona wadi, bonde kavu linalofurika mvua ikinyesha, ikibeba gari yangu mpya kama ganda la ndizi, nikakaa juu ya jiwe nikanywa kahawa mpaka maji yalipopungua. Mtu wa namna hiyo utamshangaza na nini?

Basi hii ni habari ya meli.

Nina fundi wangu, na naandika "nina" kwa mazoea tu, maana ameshaondoka. Mhindi wa Kachi, mrefu, mkimya, vidole vyake vimejaa alama za waya wa shaba. Pampu ikiungua, yeye ndiye aliyekuwa akiisuka mota yake upya. Ukimpa asubuhi, jioni inazunguka. Tumekaa pamoja miaka ishirini na sita, tangu duka la Ibra lilipokuwa chumba kimoja na banda la mabati. Mimi nikizungumza na wateja, yeye akisuka. Watu husema nimejijenga mwenyewe, na mimi huwaacha waseme.

Kiswahili alikipata dukani, kwangu na kwa wateja wetu wa Kizanzibari, na kilikuwa kizuri kuliko cha wanangu waliozaliwa huku. Lakini aliniita "arbab" tu, tajiri wake, kama Wahindi wote wanavyowaita wanaowafanyia kazi. Nilimwambia mara mia aniite jina langu. Akijibu, "Sawa, arbab."

Mwaka jana macho yalianza kumsumbua, akaniambia anataka kurejea kwao moja kwa moja. Sikukasirika. Nilikumbuka jambo alilowahi kuniambia siku moja tukila mchana. Alimuoa mkewe mwaka mmoja kabla ya kuja Oman, na tangu hapo alikuwa akienda kwao siku arubaini kila baada ya miaka miwili, katika nyumba yenye wazee, ndugu, watoto na majirani. "Arbab," alisema, "mimi sijui mke wangu anakunywa chai kwa sukari ngapi. Kila nikienda, chai anatuletea mama." Alisema kama mtu anayetaja hali ya hewa, akaendelea kula.

Nikaona hawa watu wanachohitaji ni chumba chao wawili, mlango ufungwe, asigonge mtu. Na chumba kama hicho, baharini. Mpaka leo nasema wazo lilikuwa zuri.

Nikamwambia, "Huondoki hivi hivi kama mzigo. Nakupa kitu ambacho ukoo wako wote haujakipata. Utapanda meli ya starehe, wewe na mkeo."

"Meli, arbab?"

"Meli. Juu ina bwawa la kuogelea, ndani ina sinema na lifti. Siku saba."

Akaitazama mota iliyokuwa mapajani mwake. "Kama arbab anavyoona."

Nyumbani nikamhadithia mke wangu. Yeye ni mtoto wa mjini Unguja, ulimi wake hauna breki.

"Umewauliza wenyewe?"

"Zawadi huulizwa? Mgeni akija hapa unamuuliza kama anataka halua?"

"Halua haina mawimbi, bwana. Na wewe meli umeijulia wapi? Uliyopanda ni ile ya Pemba na Unguja, ukatapika mpaka ukaomba radhi kwa mbuzi wa watu."

Nikachukua funguo za gari nikatoka. Lakini kweli kwetu ndivyo tulivyolelewa: unayemkirimu humuulizi, unamletea kilicho kikubwa. Na fundi wangu naye kalelewa kwamba anayekukirimu humkatalii. Mambo mawili mazuri hayo, kila moja peke yake.

Mimi na fundi tukaenda Nizwa, katika ofisi moja ya safari. Aliyekaa mezani alikuwa binti wa watu wetu waliotoka Unguja, kazaliwa huku, heshima zake zote.

"Shikamoo, ami. Hao wasafiri wamepanda meli kabla?"

"Marahaba. Hawajapanda."

"Basi ami, watu wa kwanza bora siku tatu, nne. Wakipenda wataenda tena. Wengine bahari inawasumbua."

"Siku saba," nikasema.

"Wanakula nini?"

Hapo nilijua, nikajibu kwa kifua. Mke hali nyama, hali samaki, hali yai. Binti akasema hiyo si shida, meli zinazochukua Wahindi wengi zina jiko la mboga tupu, ila lazima liandikwe mapema. Likaandikwa. Akasema ndani kuna baridi ya viyoyozi, mama achukue sweta. Likaandikwa hilo pia.

"Chumba je? Kuna cha ndani, kuna cha dirisha, kuna cha baraza. Cha ndani ni rahisi, lakini hakina dirisha."

Fundi akampigia mkewe simu ya video. Nikamuona kwa mara ya kwanza: mwanamke mwembamba, kajifunika kichwa, nyuma yake kuku wanapita. Akasema maneno mengi akicheka.

"Anasema cha ndani kinatosha," fundi akatafsiri. "Tusimtie arbab hasara. Chumba ni cha kulala tu."

"Baraza!" nikamwambia binti. Mwanamke alisikia sauti yangu, akaacha kucheka.

Meli ilikuwa inaanzia Dubai, inakwenda Doha, inapita Maskati, inarudi Dubai. Binti akaangalia picha za pasi zao, akaniuliza, "Ami, viza zao za Dubai ni za kuingia mara moja au mara nyingi?"

Nikatoa kitambulisho changu, bitaqa yangu ya Kiomani, nikaiweka mezani. "Binti yangu, mimi Dubai naingia na hii. Mpakani hata kahawa hawanipi nafasi ya kumaliza."

"Wewe ndiyo, ami. Hawa je?"

"Hawa wako na mimi."

Akanitazama, akamtazama fundi. Fundi alikuwa akitazama viatu vyake. Binti akaandika.

Siku ya meli mimi nilikuwa dukani Sur. Fundi alikuwa keshakwenda Dubai kwa basi, mkewe kaja kwa ndege kutoka India, wamekutana huko huko. Nimetoka kusali adhuhuri, nawaonyesha wateja picha ya meli kwenye simu. Kubwa, nyeupe, ghorofa juu ya ghorofa. "Fundi wangu yumo humu," nawaambia. Simu ikalia mkononi, ni yeye.

"Arbab, samahani kukusumbua."

"Mmeshaingia? Baraza linatazama wapi?"

"Hatukuingia. Wanasema viza zetu ni za kuingia mara moja. Meli ikiondoka tumeshatoka, ikirudi hatuna ruhusa ya kuingia tena. Kwa hivyo hatupandi."

"Mpe simu mkubwa wao."

Akampa mwanamke mmoja wa hapo bandarini. Nikamwambia mimi ni nani, nina maduka mangapi, na nani ananijua. Alinisikiliza mpaka mwisho kwa adabu. Kisha akanieleza lile lile alilolieleza fundi, taratibu, kama unavyomweleza mtu asiyesikia vizuri. Akamrudishia simu mwenyewe.

"Mkeo anasema nini?" nikauliza.

"Anauliza kama arbab amekasirika."

Nikakaa juu ya boksi la pampu. Wateja walikuwa bado wamesimama. Fundi akasema, polepole, "Mimi nilijua, arbab. Niliisoma ile viza ilipotoka. Imeandikwa mara moja."

"Ulijua? Na hukuniambia?"

"Uliulizwa, ukamjibu yule binti."

Hakusema kwa lawama. Ingekuwa lawama ningejua la kufanya nayo.

Niliwatafutia hoteli kwa simu, na kesho yake alfajiri nikatia gari moto. Mpakani nilitoa bitaqa, nikapita, dakika nne. Niliwakuta wamekaa ukumbini mwa hoteli, wima, bega kwa bega, begi jipya mbele yao kama watu wanaosubiri kuitwa hospitali. Mwanamke alikuwa amevaa sweta. Aliponiona akasimama, akakunja mikono yake kifuani kunisalimu.

Njia nzima nilikuwa nimepanga maneno. Meli nyingine, kubwa zaidi, ya Ulaya, viza zote nitazisimamia mimi mwenyewe. Nikafungua mdomo kuyasema, nikamuona fundi anaangalia viatu vyake vile vile kama siku ya Nizwa. Nikayaacha.

"Muulize mkeo," nikasema. "Anataka nini yeye?"

Akamuuliza. Yule mama alijibu kwa maneno machache tu.

"Anasema anataka kuona pahala nilipokuwa nakaa."

Viza ya Oman ya kumwingiza mama kama mgeni wangu ilitoka kwa siku tatu. Karatasi ya siku tatu. Miaka ishirini na sita fundi hakuniomba na mimi sikumuuliza.

Chumba cha fundi kilikuwa Ibra, nyuma ya duka. Nilitangulia mbele na ufunguo, huku nikieleza: kiyoyozi nilimtilia mimi, friji nilimnunulia mimi, umeme na maji halipi. Fundi akatafsiri kila neno kwa uaminifu. Mama akavua makubazi yake mlangoni, akaingia.

Kitanda kimoja. Sanduku la bati. Jiko la gesi la kuweka chini. Taa ilikuwa inawaka na ilikuwa saa saba mchana. Akauangalia ukuta mmoja, wa pili, wa tatu, wa nne. Kisha akazima taa. Mwanga ulikuwa ule wa mlangoni tu, tuliposimama sisi. Akausukuma mlango kidogo, nao ukaisha. Akawasha tena.

Dirisha lilikuwapo. Nililiziba mimi kwa matofali mwaka nilipotanua ghala, rafu za pampu ziko upande wa pili. Nilimwambia fundi siku ile kwamba nitamtobolea jingine. Akasema, "Sawa, arbab."

Mama akakaa kitandani, akamuuliza mumewe kitu. Na yeye, sijui kwa nini, labda kwa kuwa ndani ya chumba kile lugha yake ilikuwa hii, akamjibu kwa Kiswahili.

"Kwa shata. Arbab akiinua lile shata la bati mlangoni mwa duka, najua kumekucha."

Kisha akakumbuka, akamtafsiria. Na mimi nikaelewa alichoulizwa. Nikatoka nje nikaweka simu sikioni, nikajifanya nazungumza na mteja mmoja wa Fanja juu ya bomba. Nilizungumza peke yangu kwa muda mrefu. Niliporejea, mama alikuwa amekwisha kukunja shuka na mablanketi yote, kayapanga juu ya sanduku, pembe kwa pembe.

Walikaa nyumbani kwetu siku kumi. Mke wangu na yeye hawakuwa na lugha hata moja ya pamoja na walizungumza tangu asubuhi. Mke wangu akimshikisha kitu na kumtajia: sufuria, kijiko, kikombe, mlango, dirisha. Chai ya mumewe alikuwa akiitengeneza mwenyewe. Siku ya tatu nikamsikia fundi anamwambia mke wangu, kwa sauti ndogo, kama mtu aliyeokota kitu cha thamani, "Hatii sukari kabisa."

Kabla hawajaondoka tukaenda tena Nizwa kwa yule binti. Nilimuomba radhi, akaona haya zaidi yangu. Safari hii nilikaa kiti cha ukutani. Wallahi, nimechimba visima katika mawe ya Ibra, sijapata kufanya kazi ngumu kama kunyamaza katika ofisi ile.

Walichagua wenyewe. Meli inayotoka Mumbai, siku tatu, inakwenda na kurudi ndani ya India. Viza haihitajiki, jiko la mboga lipo, na wakishuka wanapanda treni kwenda kwao. Ndogo, haina lolote la kuwaonyesha wateja kwenye simu.

"Chumba cha ndani?" binti akauliza.

"Cha ndani kinatosha," fundi akasema.

Mama akaweka kiganja juu ya meza. Hakungoja atafsiriwe.

"Dirisha," akasema.

Fundi akamtazama, kisha akanigeukia mimi. "Arbab, cha dirisha kina bei zaidi." Ndiyo mara ya kwanza katika miaka ishirini na sita kuniomba kitu cha bei zaidi. Neno "baraza" lilinifika kwenye meno. Nikalimeza.

"Kasema dirisha," nikamwambia binti. "Andika dirisha."

Wameshakwenda na wamesharudi. Fundi aliniletea picha moja tu kwenye simu, haina mtu ndani yake: dirisha, pazia limevutwa pembeni, nje maji na asubuhi. Ukingoni mwa dirisha vikombe viwili vya chai.

Pesa za meli ya kwanza hazikurudi. Siku ile nilipopata picha nilikaa nikajumlisha zote: meli waliyoikosa na meli waliyoipanda, ndege, basi, viza, hoteli, na mtu wa matofali aliyekuja kutoboa dirisha katika ukuta wa chumba cha Ibra na kuhamisha rafu, kwa ajili ya fundi mpya. Riali elfu moja mia saba thalathini na nne na baisa mia tano.