Bibi Carmela kwenye Kitabu cha Vifo

Usiku ule nililala bila kuzima kompyuta. Kwenye skrini palikuwa na picha ya ukurasa wa kitabu cha vifo cha mji mdogo wa mlimani huko Sisilia, alikozaliwa mama yangu. Mama alikuja Iringa akiwa muuguzi kijana, akaolewa na baba, akabaki. Mama yake mzazi, Bibi Carmela, alifariki wakati mama hajatimiza hata miaka miwili. Hakuacha picha. Mama alilelewa na masista, na kitu pekee alichokuwa nacho ni cheti chake cha kuzaliwa, kinachosema mama yake ni Carmela, binti wa Gaetano na Nunzia.

Jumamosi alikuwa anasafiri kwenda huko, kwa mara ya kwanza tangu aolewe. Aliniomba nimtafute mama yake kwenye vitabu vya usajili, ili akifika kwa ndugu zake asionekane mtu wa kubahatisha.

"Wewe umesoma historia," alisema, "na kazi bado hujapata. Nitafutie."

Kufikia Jumatano nilikuwa nimeshampata. Kwenye kitabu cha vizazi, Gaetano, mkulima asiyejua kuandika, anafika mbele ya msajili na kumwonyesha mtoto wa kike, anasema anampa jina la Carmela. Ningeishia hapo. Lakini mimi ni mtu wa kurudi mara tatu kuhakikisha mlango umefungwa, kwa hiyo nikafungua na kitabu cha vifo. Carmela, binti wa Gaetano na Nunzia, amefariki akiwa na miezi minane.

Mtoto wa miezi minane hawezi kuwa mama wa mtu. Basi aliyemzaa mama yangu alikuwa nani? Aliokota jina la marehemu? Alikuwa anamkimbia nani? Umri nao haukulingana. Kwa cheti cha mama, Carmela alipaswa kuwa mdogo kwa miaka miwili kuliko huyu wa kitabuni. Nikajiambia makarani wa zamani walikuwa wanakadiria tu. Wakati wa chakula mama akauliza, "Vipi, umemwona?" Nikajibu kwamba mtandao unasumbua. Alinitazama kidogo, akaniongezea mboga.

Sasa ndoto yenyewe.

Nilikuwa kwenye chumba kirefu chenye makabati ya vitabu. Watu walikuwa wamepanga foleni, kila mmoja amebeba kitu kilichofungwa kwenye shuka, na hakuna aliyezungumza. Mbele yangu alisimama mwanamume mwenye kofia mkononi na matope kwenye viatu. Nilitaka kumuuliza ni foleni ya nini, lakini niliogopa kuonekana sijui. Nilipofika kwenye meza, chumba kilikuwa jiko letu la Iringa, na nyuma ya meza ameketi mwanamke mfupi, mikono ya gauni ameikunja hadi kwenye viwiko, anamenya maharage. Kitambaa chake cha kichwa ni cheusi. Sijawahi kumwona, ila namjua.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba." Anaongea Kiswahili cha kwetu, na sishangai. "Kumbe ni wewe unayenifunua kila siku. Huchoki?"

Nataka kucheka ila naona aibu. Ninachowaza ni kwamba huyu ndiye yule mwongo, mwanamke wa jina la kuokota, na ameingia ndani kwetu bila kuulizwa. Halafu naona anavyocheka: anageuza uso pembeni kwanza, kama anamficha mtu kicheko. Mama yangu hucheka hivyohivyo. Natafuta stuli nikae, na stuli inakuwa ngazi ya mawe.

Tunapanda ngazi hizo, yeye mbele. Pande zote mbili ni milango midogo, na juu yake nguo zimeanikwa, zimetulia, hakuna upepo. Sina pumzi, yeye hata hahemi. Nataka kumuuliza maswali yote niliyoandika kwenye daftari, lakini kila ninapofungua mdomo swali linakuwa dogo, halina maana. Mwisho natoa moja tu.

"Bibi, kitabu kinasema ulikufa mchanga."

Anasimama. Hageuki.

"Umeniua mapema, Salome. Hata kutambaa sijatambaa."

Alipogeuka alikuwa amembeba mtoto. Sikuona alikomtoa. Mtoto ana macho makubwa, amefungwa kwenye shuka nyeupe kama wale wa kwenye foleni, ananiangalia mimi tu, kwa utulivu, kama anayenisubiri nimalize kusoma.

"Huyu ndiye uliyemkuta," bibi anasema. "Dada yangu. Alipoondoka, nilipozaliwa mimi, wakanipa jina lake. Wewe uliacha kusoma."

Ananipa nimpokee. Mtoto ni mzito kuliko nilivyotarajia, na ana joto. Nilikuwa nimesoma habari za kifo chake mara nne siku ile, na sikuwa nimemsikitikia hata mara moja. Nilikuwa nimemwona kama kosa kwenye hesabu zangu.

"Mwambie mama yako aje," bibi anasema. Sauti yake iko mbali sasa, ingawa hajasogea. "Akiita Carmela pale, tutaitika wawili."

Nikaamka. Mikono yangu ilikuwa imekunjwa kifuani, na nje jogoo wa jirani alikuwa ameshaanza. Nilikaa kitandani nikijisuta. Mimi mwenyewe naitwa Salome kwa sababu shangazi yangu Salome alifariki utotoni, na baba aliahidi jina halitapotea. Jambo hilo nimelijua maisha yangu yote, lakini sikuwaza kwamba hata huko Sisilia watu wangeweza kufanya vilevile. Labda nililijua, na ndoto ilinikumbusha tu. Sitaki kulichambua sana.

Nilifungua kitabu cha vizazi cha miaka miwili mbele. Kurasa zilifunguka polepole. Gaetano anafika tena mbele ya msajili, bado hajui kuandika, anamwonyesha mtoto wa kike, anampa jina la Carmela. Pembeni mwa ukurasa, kwa mwandiko wa karani mwingine, imeandikwa ndoa ya mtoto huyo alipokua, na jina la mume wake ni la babu yangu, lilelile la kwenye cheti cha mama.

Mama alikuwa jikoni anachemsha maji ya chai. Nilikuwa nimepanga maneno njiani: nianze na kitabu kipi, nieleze vipi uongo wangu wa mtandao. Yote yakanitoka.

"Mama, jana nilikudanganya. Mtandao ulikuwa mzima. Bibi nimempata, na alikuwa na dada yake mkubwa aliyefariki, wanaitwa jina moja. Usiku amenijia. Anasema uende. Ukiita Carmela pale, wataitika wawili."

Mama alizima jiko. Nikamsogezea kompyuta ili aone ukurasa, lakini hakuitazama. Akavuta kiti, akakaa karibu yangu mpaka magoti yetu yakagusana.

"Karatasi nitaisoma baadaye," alisema. "Kwanza niambie, anafananaje?"