Tekla na Tangi la Maziwa

Kwa miaka kumi na tisa Tekla alikuwa mtu wa ndani. Mumewe, fundi Philemoni, alitengeneza matangi ya chuma cha stenlesi kisichoshika kutu katika karakana yao ya mtaa wa Sokon One, ya maziwa, ya asali, hata ya pombe ya mbege kwa wenye sherehe kubwa. Ikifika zamu ya kutoboa tundu la koki, tangi lililazwa juu ya matairi, Tekla akafunga kitambaa kichwani na kuingia kupitia mlango wake mdogo. Bati la stenlesi ni jembamba. Ukilitoboa bila kitu nyuma yake linabonyea, msumeno unalikamata, tundu linatoka limechanika. Basi Tekla alikandamiza kipande kinene cha ubao wa mninga kwa ndani, akagonga mara mbili, na Philemoni aliyekuwa nje akaanza kusukuma drili yenye msumeno wa duara, mithili ya kikombe chenye meno. Philemoni mwenyewe asingeweza kuingia. Alikuwa pande la mtu, mlango ule usingepitisha hata bega lake.

Julai iliyopita walikuwa wakimalizia tangi la akina mama wafugaji wa upande wa magharibi wa Mlima Meru. Tekla alikandamiza ubao, akagonga. Mara akasikia ncha ya drili ikiteleza juu ya bati, ikalia kama kucha kwenye sufuria, kisha kimya.

Alipotoka alikuta mkwaruzo mrefu kando ya alama ya tundu. Philemoni alikuwa amekaa juu ya tairi, mikono ameifumbata katikati ya magoti.

"Drili imechoka," alisema bila kumtazama.

Drili walikuwa wameinunua Pasaka. Lakini kwa miezi kadhaa Tekla ndiye aliyekuwa akimfunga vifungo vya shati kila Jumapili kabla ya misa, na chai alikuwa akimmiminia nusu kikombe ili isimwagike. Hawakuwahi kulizungumza.

"Basi tuiache ipumzike," akajibu, akaenda kuinjika chai.

Asubuhi Philemoni alikuwa ameshika simu. "Nampigia Naserian wa akina mama wafugaji. Watafute fundi mwingine."

"Weka simu chini, Baba Princess. Leo wewe utaingia ndani. Mimi nitatoboa."

"Niingie wapi? Mlango ule si unaujua?"

"Jaribu."

Akainama, akatanguliza mkono mmoja, kichwa, bega. Akapita. Alipita kirahisi, hata pembeni ya shati ikabaki nafasi. Tekla alisimama ameshika drili. Tangu lini mume wake amepungua hivi? Kisha, kutoka ndani ya tangi, pakagongwa mara mbili.

Akaweka ncha kwenye kishimo cha alama kilichopigwa kwa nyundo na panchi, akadondosha mafuta, akabonyeza swichi. Mikono yake ilimshangaza. Ilikuwa imetulia.

"Polepole!" sauti ya Philemoni ilivuma ndani ya tangi. "Lakini kandamiza! Ukiacha meno yasugue tu bila kukata, chuma kinapata moto kinakuwa kigumu. Ongeza mafuta!"

"Nimeongeza!"

"Sasa usiyumbe, mama. Usiyumbe. Hivyo hivyo."

Nyuzi za chuma zilijiviringisha, moshi wa mafuta ukampanda puani. Ghafla drili ikawa nyepesi. Meno yalikuwa yameingia kwenye mti. Akazima. Alipochomoa msumeno, kipande cha duara kilikuwa kimekaa ndani yake, kizima kama sarafu.

"Usiguse kwanza, kuna makali," akaonya. Akapiga tupa kuzunguka ukingo, akaufuta kwa kitambaa. "Haya."

Vidole viwili vya Philemoni vikatokeza tunduni, vikazunguka ukingo taratibu, mzunguko mzima, na kurudia.

"Tekla," akasema. Kwa jina hilo hakuwa amemwita tangu binti yao azaliwe. "Hili ni safi kuliko yangu."

Vidole vilikuwa vinatetemeka. Tekla akavishika, na hakuviachia.

"Jumatatu tunaenda hospitali," akasema.

"Tutaenda."

Daktari aliupa ugonjwa jina, akatoa vidonge ambavyo vilipunguza mtetemo lakini havikuumaliza. Ephraimu, fundi jirani, alichomelea soketi ya kufungia koki, na mkwaruzo Tekla aliusugua kwa msasa na kuung'arisha siku mbili nzima. Naserian alipokuja, walijaza tangi maji mpaka juu. Hapakudondoka tone.

"Shikamoo fundi. Kazi nzuri," Naserian alisema, akipapasa koki.

"Marahaba. Aliyetoboa ni huyu," Philemoni akajibu, na akaanza kumweleza mgeni habari ya mafuta, mti na mwendo wa drili, kirefu, mpaka Naserian akavuta kiti. Tekla aliwapa mgongo, akajishughulisha kukunja waya wa umeme ambao tayari ulikuwa umekunjwa.