Dadu ya Kujificha

Nakumbuka Jumapili moja pale Korogwe, mwanangu, na kila nikiikumbuka natamani ardhi inimeze. Juzi ulinuna nilipokukataza kurusha mwenyewe dadu ya kujificha mchezoni. Ukasema mzee huyu ana roho mbaya. Haya, kaa nikwambie roho mbaya ni ipi.

Mchezo huu wa kusimulia mezani, kila mtu na mhusika wake, alitufundisha Mama Zainabu, Mhindi mwenye duka la vitenge. Akishafunga duka tulizunguka meza yake ya kukatia vitambaa, naye ndiye msimuliaji, na masihara hakuwa nayo. Mhusika akinywa dawa ya kutoonekana, alituambia, macho hayamwoni, lakini nyayo zinabaki vumbini na kikohozi kinasikika. Kwa hiyo dadu ya kujificha aliirusha yeye, nyuma ya kifuniko cha boksi, ili anayejificha asijue kama amesikika au la. Ukishajua, hofu imekwisha, na mchezo nao umekwisha.

Siku hiyo mhusika wangu na wa rafiki yangu Mhina, aliyekuja kwa baiskeli kutoka Mnyuzi, walikuwa wamekunywa dawa ili wawapite walinzi wa ngome. Mhusika wa Mhina alikuwa mganga, na alimpa jina la marehemu babu yake. Alimpenda, usiseme! Na kwa Mama Zainabu mhusika akifa, amekufa.

Mama akarusha dadu yetu sote wawili. Nyuma yake palikuwa na kabati la vioo, nami, sijui ibilisi gani aliniingia, nikachungulia humo. Moja, namba ya chini kabisa! Walinzi wamesikia.

Nikasema, "Mhina, tangulia. Mimi nakulinda nyuma."

"Sawa, nakuamini," akajibu, akaingia.

Walinzi wakarusha mikuki kule kwenye kishindo cha miguu, mganga akaanguka. Mimi nikarudi zangu salama. Kikulacho ki nguoni mwako, jamani! Mhina, machozi yakimlengalenga, akanishika bega. "Afadhali wewe umepona, ndugu yangu."

Angenitukana ningeshukuru.

Wakati wa kutoka, Mama Zainabu akaniita kando. "Nimekuona kwenye kioo," akasema taratibu. "Sikutaka kukuaibisha mbele ya wenzako. Kesho nenda Mnyuzi, kamwambie mwenyewe."

"Ndiyo, mama."

Sikwenda. Kesho ikawa kesho kutwa, Mhina akahamia Mazingara kulima, na mchezo hakuucheza tena. Kwenye harusi yangu alisimama akanisifu kuwa mimi ni mtu wa kuaminika, nami nikainamia sahani. Mficha uchi hazai, wanasema. Mimi nimeficha hadi nimeota mvi. Mwaka huu tumemzika. Wanawe waliniomba niseme neno, nikasema baba yao alikuwa mtu mwema, nikakaa chini.

Mwanangu, mahali ambapo mwenzio hakuoni, hapo ndipo mtunze zaidi. Ukimkosea, hata kama ni katika mchezo tu, mwambie siku hiyohiyo, ungali unamwona uso. Usijidanganye kwamba ni jambo dogo. Dogo hilo limenifunga mdomo kaburini kwa rafiki yangu. Mungu akupe ulimi mwepesi wa kuomba radhi, akupe na rafiki kama Mhina, nawe umstahili.