Waliobaki Kisogoni

Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa, lakini hawakumjua Bibi Kucha. Yeye alimweka chawa kwenye ubao wa kigoda chake, akamkandamiza kwa ukucha wa dole gumba, ukasikika mlio mdogo, kwisha habari yake. Ukucha huohuo ndio uliompa jina. Alikuwa fundi cherehani, na pindo za nguo alizikunja kwa kuzipitishia ukucha, pasi akawaachia wavivu.

Alimlea mjukuu wake tangu uchanga, mama wa mtoto alipofariki. Kila alasiri, cherehani ikishafunikwa, msichana aliketi mkekani, kichwa mapajani mwa bibi yake, nywele zikachambuliwa fungu kwa fungu kutafutwa chawa. Hapo ndipo habari za shule zilipomwagwa: nani kapigana, nani kasinzia darasani, mwalimu gani kavaa viatu visivyofanana. Bibi Kucha hakuwa na redio wala hakuihitaji.

Tatizo ni kwamba kichwa kikisafika, mtoto haonekani. Huenda kucheza, akarudi kula na kulala. Basi bibi akaanzisha mchezo wake. Utosi aliusafisha, nyuma ya masikio alisafisha, lakini kisogoni aliacha wawili watatu. "Mbegu," alijiambia. Baada ya siku chache mtoto hujikuna, na mapaja yakapata mgeni wao.

Kisha mwanawe, baba wa msichana, akaoa tena. Mkaza mwana alikuwa muuzaji wa duka la dawa, mpole, mwepesi wa kucheka, na upole huo ndio uliomuudhi Bibi Kucha kuliko yote, maana mkorofi angalau unajua pa kumshikia. Alikuja na chupa ya dawa ya chawa na kitana chenye meno yaliyosongamana. Haukupita muda mtoto akamwita mama. Bibi Kucha alikuwa anatunga uzi kwenye sindano. Uzi ukagoma kabisa kuingia. Tuseme ukweli, aliona wivu, tena wivu wa mke mwenza, na yeye ni mama mkwe mtu mzima.

"Mama, dawa nimeshampaka," mkaza mwana alimwambia asubuhi moja akivaa viatu. "Mimi nachelewa kazini. Naomba umchane na hiki kitana, mayai yatoke yote."

"Nenda tu, mwanangu. Mimi na chawa tunajuana."

Akachana utosi mpaka ukang'aa. Kisogoni kitana hakikufika.

Chawa wakarudi. Dawa ikapakwa tena, wakarudi tena. Mkaza mwana akafua mashuka, akaanika mito juani, akachoka.

"Labda dawa zenu za siku hizi ni maji matupu," Bibi Kucha alisema wakati wa kula, huku moyoni akipiga vigelegele.

Shule ndiyo iliyokata mzizi wa fitina. Mtoto alirudishwa nyumbani, asionekane darasani mpaka kichwa kiwe safi. Baba yake, mtu asiye na maneno mengi, akaazima mashine kwa kinyozi, akamnyoa mwenyewe uani. Mke wake akafagia nywele.

Msichana alilia mpaka akashikwa na kwikwi. Alipoachiwa, alikipita kigoda cha bibi yake bila kukitazama, akaenda kujitupa mapajani kwa mama yake mpya. Bibi Kucha akabaki amesimama, mikono haina kazi. Alijua fika nani aliyesababisha kipara kile. Na bado, Mungu amsamehe, kilichomchoma zaidi ni yale mapaja ya mwenzake.

Tangu hapo alasiri zake zikawa za kushona tu. Mpaka siku moja, mkaza mwana akiwa na mapumziko, alikuja akafungua kilemba chake taratibu.

"Mama, nina aibu. Nauza dawa ya chawa, na wamenipata. Nilikuwa namlaza mtoto kifuani. Naomba unitazame."

Akaketi mkekani. Bibi Kucha akatafuta kwa bidii, maana kichwa kile hakutaka kukiona tena. Lakini mwanamke akaanza kusimulia vituko vya wateja wake, mmoja aliyekunywa dawa ya kupaka, mwingine aliyepaka ya kunywa, na bibi akajikuta anacheka mpaka machozi.

"Mama."

"Sema, mwanangu."

"Ukifika kisogoni, mimi usiniachie."

Ukucha ukasimama.

"Nywele za mtoto nilizifagia mimi," mkaza mwana akasema, bila kugeuka. "Za utosini safi. Za kisogoni mayai matupu."

"Na mumeo umemwambia?"

"Nimwambie nini? Kwamba mama yake anampenda mtoto?"

Bibi Kucha aliendelea kutafuta, macho yakiwa na ukungu, mpaka yai la mwisho la kisogoni.

Mlango ukalia. Msichana alikuwa ametoka shule. Akasimama na mkoba wake, akatazama kichwa kilicholala mapajani mwa bibi yake, mdomo ukamvimba.

"Mama, hapo ni pangu."

Hakungoja kujibiwa. Akaketi upande wa pili, akamsukuma mama yake kwa bega, akalaza kichwa chake juu ya paja lililobaki. Nywele zilikuwa ndiyo kwanza zinachomoza.

"Bibi, nitafute na mimi."

"Nitafute nini, na kipara hiki?"

"We tafuta tu."

Bibi Kucha akaanzia kisogoni.