Risiti Iliyofungiwa Ndani ya Kochi

Mpwa wangu, mtoto wa dada yangu mkubwa, tunamwita Kimya. Jina la cheti analo, lakini hata mkewe halitumii. Anaweza kukaa na wewe tangu asubuhi mpaka adhuhuri akatamka maneno matano, na mawili kati ya hayo ni "mhh". Mimi mjomba wake ndiye niliyepewa maneno yake yote pamoja na yangu. Kwetu penye jambo la kusemwa naitwa mimi. Ugomvi wa mirathi nimeusema mimi, kesi ya ukuta wa jirani nimeisema mimi. Shule niliiacha darasa la sita, na msidhani ni kwa ujinga, mwalimu ndiye aliyechoka kushindana nami.

Kimya ni fundi makochi. Alianza akiwa na miaka kumi na minne, kazi yake ikiwa kunyoosha misumari iliyopinda ili bosi wake aigonge tena. Leo ana kibanda chake, hatua sita kwa nne, bati juu, vumbi la mbao kila mahali, na ndani yake kuna kitu kimoja tu cha thamani: cherehani nzito ya kushonea kitambaa cha makochi. Aliinunua kwa akiba ya miaka mitatu. Sindano yake nene kama njiti ya kiberiti. Mwondolee hiyo, na Kimya anabaki mtu wa kupiga misumari, maana kochi lisiloshonwa ni mbao na sponji tu, hakuna atakayelilipia.

Jumatatu moja wapagazi wawili walikuja na mkokoteni wakaiondoa.

Walikuwa na haki, hapo ndipo palipouma. Mwaka uliotangulia, mwenye nyumba moja ya wageni alimwagiza Kimya makochi ya vyumba ishirini. Kimya akaenda kwa Mama Sponji, muuza jumla wa sponji, vitambaa na mbao, akachukua vitu vya laki nane kwa mkopo, akaweka cherehani rehani, akatia sahihi. Alipofikisha kochi la kumi na moja, mwenye nyumba ya wageni akafunga mlango na kuhama usiku na makochi yote kumi na moja. Mpaka leo hajulikani anakalia wapi.

Kimya hakukimbia. Alimtengenezea Mama Sponji seti ya makochi ya ofisini, laki moja ikakatwa, zikabaki saba. Na wakati akiitengeneza, kila Jumamosi, kwa Jumamosi tisa, alilipa elfu thelathini mkononi mwa shemeji yake huyo mama, mdogo wa mumewe, ambaye kazi yake ilikuwa kuzunguka kukusanya madeni. Kisha shemeji akaacha kazi ghafla, akaondoka mjini. Daftari la dukani lilipofunguliwa, mbele ya jina la Kimya palikuwa peupe. Hata senti moja ya Jumamosi haikuandikwa. Mama Sponji akaongeza faini ya kuchelewa, laki moja na nusu, akatuma mkokoteni. Cherehani ilikwishapata mnunuzi, ametanguliza pesa, na angeichukua Jumamosi saa sita mchana.

Alhamisi jioni Kimya alikuja kwangu. Alisimama mlangoni.

"Mjomba, kesho twende wote. Nina laki tatu. Nataka akubali hizo tatu, deni liishe, nichukue mashine. Wewe ndiye utakayeongea." Akafikiri kidogo. "Lakini uongee kidogo."

Laki tatu hizo zilikuwa baiskeli yake, runinga, na akiba ya mkewe ya kuuza vitumbua. Nilizijua. Na bado, ninyi mnaonijua mtacheka, asubuhi ya Ijumaa nilivaa suti yangu ya kijivu, viatu vilivyong'arishwa, na saa ya rangi ya dhahabu. Nasema rangi. Nilitaka tuheshimiwe. Kimya aliponiona alitazama saa ile, akatangulia njiani.

Ofisi ya Mama Sponji iko nyuma ya duka, unapita katikati ya marobota ya sponji yaliyopangwa mpaka darini, harufu ya gundi inakukaba. Kwenye kona, nyuma ya marobota, niliiona cherehani. Imefunikwa gunia. Kimya naye aliiona, akageuza macho haraka, kama mtu aliyemwona mwanawe amesimamishwa mbele ya darasa.

Mama Sponji alikuwa ameketi kwenye kiti kimoja cha ile seti aliyotengenezewa. Mwanamke mnene, mtulivu, miwani imeshuka puani. Kiti cha pili kama hicho kilikuwa karibu na mlango. Sisi alituonyesha kochi refu.

Nilianza vizuri. Nilimsalimu, nikamsifia duka lake, nikaeleza habari ya nyumba ya wageni kwa uchungu mpaka mwenyewe nikaguswa. Angeniachia hapo, tungekuwa tumefika. Lakini alisema neno dogo tu, kwamba siku hizi kila mtu anakuja kulia kwake, na mimi, damu ikanipanda.

"Mama, sisi siyo watu wa kulialia," nikamwambia. "Ukoo wetu haujawahi kudaiwa tukashindwa. Huyu ana watu nyuma yake."

Aliinua miwani. Akaanza na viatu, akapanda suti taratibu, akafika kwenye saa, akatulia pale.

"Naona, mzee. Nimefurahi. Mtu mwenye mjomba kama wewe hana sababu ya kupunguziwa. Basi lipeni laki nane na nusu, mashine hiyo hapo."

Kiatu cha Kimya kilikanyaga changu. Nikajaribu kurudi nyuma, nikasema suti ni ya zamani, saa haitembei vizuri. Mama Sponji akawa anatikisa kichwa kwa upole, na kila nilichosema kilizidi kutuzamisha. Nikataja laki tatu. Akasema nusu ya hizo inakwenda kwenye faini peke yake. Nikakumbusha Jumamosi tisa. Akafungua daftari, akaligeuza tuone pale peupe, akalifunga.

"Risiti iko wapi?" akauliza. "Nionyeshe moja tu."

Nilimtazama mpwa wangu. Jasho lilikuwa linamtiririka nyuma ya sikio, pale anapoweka penseli.

"Umeikalia, Mama," akasema.

Nilidhani amerukwa na akili. Lakini siku hiyo Kimya aliongea kuliko alivyoongea siku ya harusi yake. Jumamosi zile, alisema, alikuwa katikati ya kuitengeneza seti hii hii. Shemeji akifika, Kimya anampa thelathini, anaandika tarehe na kiasi kwenye mbao iliyo mbele yake, na shemeji anatia sahihi kwa penseli hiyo hiyo. Mbao ndiyo iliyokuwa karibu. Mafundi makochi wote wanaandika hivyo, vipimo, simu za wateja, madeni, kila kitu kwenye mbao. Seti ilipokamilika akapaka gundi, akaweka sponji, akavuta kitambaa, akapiga pini. Akafunika na hesabu yake.

Mama Sponji alicheka mpaka akavua miwani. "Risiti yangu umeifungia ndani ya kochi langu?"

"Mkono wa kulia wa kiti. Kimoja kati ya hivi viwili."

"Kipi?"

Kimya alitazama kiti hiki, akatazama kile. Hakujua.

Kicheko kikaisha. Mama Sponji akatazama mkono wa kiti chake, kitambaa cha rangi ya damu ya mzee, mishono imenyooka. Akasema sawa, pasua. Lakini usipoona kitu, unanitengenezea seti mpya kwa gharama zako, na kesho mnunuzi anachukua mashine yake. Nilitaka kupinga, nitafute masharti nafuu. Kimya alikwishatoa kisu.

Alianza na kiti cha karibu na mlango. Mkono wa kochi lake anaushona kama mkono wa shati, mfuko mmoja unaovishwa, na gundi chini. Huwezi kuuvua, lazima uchane. Sauti ya kitambaa kizuri kikichanika naisikia mpaka sasa. Sponji ikabanduka vipande vipande. Kimya akapuliza vumbi, akainama, na mimi nikainama juu yake. Palikuwa na vipimo, sitini na mbili kwa arobaini na nane, na chini yake, kwa mwandiko wake wa kuku: "nunua gundi".

Hakuna kingine.

"Umeshaniharibia kimoja," Mama Sponji alisema. Hakuinuka. Aliuweka mkono wake juu ya mkono wa kiti, akaukandamiza. "Ondokeni. Nitakudai na hiki."

Nikavuta pumzi niseme. Kimya akasema, bila kunitazama, "Mjomba, nyamaza." Tangu azaliwe hajawahi kuniambia hivyo. Nikanyamaza. Alipiga goti mbele ya yule mama, kisu amekielekeza chini.

"Mama, huyo shemeji yako unamjua kuliko mimi. Kama unaamini hakuzila pesa hizo, usisimame."

Nje mtu alikuwa anauliza bei ya sponji ya inchi nne, na karani anamjibu. Mama Sponji alisikiliza mazungumzo yale yote mpaka yakaisha. Kisha akajishika magoti, akasimama.

Kimya alichana polepole zaidi. Gundi ilikuwa imeshika, sponji inatoka na nyuzi za mbao. Mstari wa kwanza ulipotokea sikuamini macho yangu: tarehe, elfu thelathini, na sahihi iliyopinda kama ndoana. Wa pili. Wa tatu. Alipofika wa nane, gundi ilikuwa imekula penseli yote, pamebaki doa la kahawia. Wa tisa vilevile. Saba zilisomeka.

Mama Sponji aliipitishia kidole gumba sahihi ya kwanza, akaenda nacho mpaka ya saba. "Alikuwa anakula kwangu na kulala kwangu," akasema taratibu. Hakusema tena habari ya shemeji.

Hapo ndipo mapatano yenyewe yalipoanza, na nawaambia, huruma haikuwepo. Alikubali saba, laki mbili na elfu kumi. Mbili zilizofutika alizikataa katakata. Faini aliifuta, maana mtu aliyekuwa analipa hakuchelewa. Zikabaki laki nne na tisini. Kimya akasema ana tatu, taslimu, sasa hivi. Mama akasema nne na nusu. Kimya akasema tatu. Mama akasema mnunuzi wa kesho anatoa tatu na nusu kwa mashine peke yake, na wewe utaendelea kudaiwa.

Mimi mdomo ulikuwa unaniwasha. Nikauliza kwa sauti yangu ya kawaida, ambayo husikika mpaka barabarani, kama kuna mafundi wengine waliokuwa wanampa shemeji pesa za Jumamosi, kwa sababu nao huenda wana mbao zao. Kule dukani mazungumzo yalikatika. Mama Sponji aliusukuma mlango wa ofisi ukajifunga.

"Laki tatu na arobaini," akasema. "Na mikono hii miwili uishone leo. Sishuki tena, na huyu mzee ashushe sauti."

Kimya alinigeukia. "Arobaini hiyo ni ya suti, Mjomba."

Mfukoni nilikuwa na elfu arobaini na mbili, kodi ya chumba changu. Ningeweza kusema sina. Lakini mtu aliyetangaza kwamba yuko nyuma ya mpwa wake anasemaje? Nilizitoa, noti moja moja, na nilihesabu mara mbili ili zichelewe kuondoka.

Mama Sponji akahesabu zote, akaandika, akamsogezea Kimya karatasi. Kimya akaishika aikunje. Nikamnyang'anya. Darasa la sita langu siku hiyo lilifanya kazi yake. Iliandikwa: "Nimepokea laki tatu na elfu arobaini kutoka kwa fundi." Basi. Pesa imepokewa, deni halijasemwa limekwenda wapi. Mwakani angeweza kudaiwa laki moja na nusu iliyobaki, pamoja na faini yake.

"Mama, ongeza hapa kwamba deni limekwisha, hakuna kinachobaki, na rehani imefutwa," nikasema. Kwa sauti ya chini, kama alivyoagiza.

Aliifunga kalamu yake. "Ashone kwanza."

"Ashone kwa mashine ya nani?" akauliza Kimya.

Mashine ya kushonea mikono ile pale dukani ilikuwa moja tu, chini ya gunia, na fundi wa kuikalia alikuwa mmoja. Mama Sponji akavuta karatasi, akaongeza maneno yale yote, akatia sahihi na muhuri wa duka, akafungua droo na kutoa hati ya rehani. Kimya aliichana mara nne, vipande akavitia mfukoni.

Tuliisogeza cherehani mpaka kwenye mwanga wa mlango, mimi nikiwa nimevua koti. Kimya alikata kitambaa kipya cha rangi ileile kutoka robota la Mama Sponji, akapitisha uzi, akazungusha gurudumu kwa mkono mara mbili kusikiliza kama wapagazi walivunja kitu. Hakuna kilichovunjika. Akanipa ncha ya kitambaa.

"Shika hapo, Mjomba. Usivute. Na usiongee, nahesabu."

Nikashika.