Mfungo wa Baba na Jua Lisilozama

Baba alipozidiwa mwezi wa sita, mama alitangaza mfungo wa nyumba nzima: hakuna kula wala kunywa hadi jua lizame, kisha wote tufungue pamoja kwa uji. Kwetu, asiyefungua na wenzake ana kinyongo na mgonjwa. Dada yangu, anayetunza wazee kaskazini kabisa mwa Norwei, naye alifunga. Baba hakuwa amependa safari yake ile, na mama hakusahau.

Giza lilipoingia kwetu Makanyagio tuliomba, tukanywa uji. Mama akampigia dada simu ya video ili amwone akifungua. Dada alitokea kwenye simu akiwa dirishani, midomo imemkauka, jua likiwaka nyuma yake.

"Mayu, halijazama. Miezi hii huku halizami kabisa."

"Usiku huu unaniambia jua! Sema tu una kinyongo na baba yako." Akakata.

Niliumia, na hasira zikanipanda. Nikachoma chungwa kwa spoku ya baiskeli, nikaliinamisha kuelekea taa ya mezani, nikalizungusha.

"Mayu, tazama. Dunia imeinama hivi. Sisi tuko hapa katikati, tunaingia kivulini na kutoka. Dada yuko huku juu kichwani. Izunguke itakavyo, mwezi huu kichwa hakifiki kivulini."

Nikahamia upande wa pili wa taa, chungwa limeinama vilevile. Sasa kichwa ndicho kilichokuwa gizani. "Na hii ni Desemba. Hapo kwake halichomozi."

Mama alilitazama chungwa. Aliyesema ni baba, kutoka kitandani.

"Mpigie mwanangu, anywe. Mgonjwa ni mimi, na jua langu limeshazama."

Mama akapiga, akamwomba dada radhi. Sijawahi kumsikia akimwomba radhi mtoto mwingine. Tukamsikiliza dada akinywa maji.

Baba alifariki Desemba, mvua zimekolea. Tulimzika alasiri, jua likichungulia kidogo mawinguni. Dada hakuweza kuja. Tuliporudi kutoka makaburini, mama aliniomba simu, akaishika tu mkononi.

"Huko kwake ni giza sasa?"

"Giza, mayu. Tangu asubuhi."

Akanirudishia simu.

"Mwambie awashe taa zote za nyumba. Asimlilie baba yake gizani."