Mume wangu hasikii, na Jumamosi anambeba bibi harusi kwa gari lisiloshika breki

Admini, jina langu usiliweke. Mimi ni bibi wa Katubuka hapa Kigoma, miaka sabini na ushee, mama alisema nilizaliwa mwaka wa nzige, sasa nzige walikuja mara nyingi. Kusoma sijui, ananiandikia binti wa jirani.

Mzee wangu ana kigari cha zamani cha mbio, viti viwili tu, kimekaa chini kama kobe. Baba yake alikivusha na boti kutoka Kalemie, ng'ambo ya ziwa. Anavyokionea wivu kile kigari, hata mke mwenza ningemzoea mapema kuliko hicho.

Kila breki zikilegea tunazitoa upepo wenyewe, tangu nikiwa mwali. Yeye analala chini kwenye tairi, mimi nakanyaga pedeli. "Pampu! Shikilia!" Nami najibu, "Nimeshika!" Anafungua kinati cha breki, upepo unatoka na mafuta, pedeli inazama. Nikisema "imefika chini" anafunga, ndo naachia. Majirani wanacheka ukutani, "Bibi leo anajifungua tena!"

Sasa masikio yamemwisha. Nasema imefika chini, yeye kimya, kinati kiko wazi. Nakazana, lakini goti langu hili, wanangu, mguu unainuka wenyewe na upepo unarudi ndani. Wiki nzima hivyo. Pedeli laini kama ugali wa mgonjwa. Yeye anasema mafuta ya siku hizi feki.

Jumamosi mjukuu wetu anaolewa, na babu kaahidi kumshusha kwa bwana harusi Kibirizi na kigari hicho. Mteremko ule mnaujua. Jana kalijaribu uani, likaenda mpaka likagonga pipa la maji. Akashuka anacheka. "Umeona, Mama Shabani? Limesimama!"

Nikamwambia tuite fundi. "Fundi ashike gari la baba yangu?" Nikasema basi, mume wangu, ni masikio yako. Loo! Chakula cha mchana hakugusa. Jioni ndo akasema, taratibu, "Kuvua dagaa niliacha kwa ajili ya mgongo. Baiskeli mkaninyang'anya kwa ajili ya macho. Na hili nikiacha, nibaki nakaa tu?"

Nikaenda kuanua nguo.

Mwanetu Shabani yuko Dar. Nikimpigia atakuja aliuze chuma chakavu, ameshasema. Mjukuu nilimgusia, akanikumbatia, "Bibi, babu ananiringishia shoga zangu wote, usiniharibie." Ufunguo anaufunga kwenye pindo la msuli wake, analala nao. Na viti ni viwili, hata nikitaka kwenda nao nimvute mkono akizidisha mbio, nakaa wapi?

Nimechoka, wanangu. Goti limechoka, na kupiga kelele nimechoka. Nikimwaibisha mbele ya watu wa harusi, huyu mzee hatanyanyuka tena. Nikinyamaza, mtoto wa watu anashuka mteremko ule na shela lake.

Hapa tu ananiita tena, yuko chini ya tairi. Nakwenda kukanyaga. Nyie mliolea wazee wenu, mniambie kabla ya Jumamosi: mtu kama huyu ananyang'anywaje ufunguo, akabaki mwanaume?